Pale pa Besi

Daftari la Basili, mtunza stoo ya vipuri na katekista wa kigango, katika shamba la ngano la serikali, Hanang, 1986.

Jumatatu, 2 Juni

Naandika nikiwa na hasira. Leo Patriki ameniharibia mazoezi ya kwaya kwa mara ya tatu mwezi haujamaliza hata siku mbili, maana nahesabu na zile mbili za Mei.

Patriki ni fundi umeme wa karakana na ndiye mpiga gitaa wa bendi ya shamba. Bendi ina watu wanne na kelele za watu mia. Wanafanyia mazoezi nyuma ya karakana, hatua themanini kutoka kanisa letu la mabati, na amplifaya yake ina spika iliyochanika. Nikadhani hajui. Nikamwendea kwa upole, nikamwambia, "Kijana, spika yako imechanika."

Akacheka. "Shikamoo Mwalimu. Nimeichana mwenyewe, kwa wembe."

Kwa wembe! Mali ya umma! Anasema ndivyo sauti inavyopata uzito. Amejifunza kwenye kaseti aliyopewa na fundi wa Kizungu wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, ya vijana wa kwao wanaopiga magitaa kama watu wanaopasua magogo. Halafu akaniongezea na hili, bila kuulizwa: "Kwaya yenu nzuri, Mwalimu, ila ni nyepesi. Kama pumba. Ukipuliza inaondoka."

Mimi nilifundishwa nota na mapadre miaka minne. Nimeunda kwaya mbili, moja kwetu Maretadu na hii hapa. Leo naambiwa pumba na mtu anayetengeneza muziki kwa wembe.

Jumanne, 3 Juni

Sikulala vizuri. Pumba!

Jumapili, 8 Juni

Padre hakuja, nimeongoza ibada mimi. Nimewaonya juu ya ile desturi ya mzee kujaza pombe ya asali mdomoni na kumpulizia mtu kichwani na kifuani ili kumbariki. Nimesema Mkristo anatoshwa na maji ya baraka. Nimesema mwanakwaya nitakayemkuta huko nitamvua joho mbele ya watu. Wazee wa benchi la nyuma wakaangalia viatu vyao.

Njiani mke wangu Philomena akaniuliza, "Baba Hhando, na siku babu yako alipokupulizia unakwenda shule, ulijifuta?"

Ukioa mtu wa kijiji chenu umeoa na mashahidi.

Alhamisi, 12 Juni

Upepo na vumbi. Ngano imeanza kugeuka rangi.

Jumatano, 18 Juni

Afisa Utumishi ametangaza Siku ya Mavuno, tarehe 30 Agosti. Atakuja mgeni kutoka mkoani. Bendi itapiga, na kwaya itaimba wimbo mmoja. Mmoja! Bendi wamepewa saa mbili, na spika kubwa zitakodiwa kwa Halfani, mfanyabiashara wa Katesh.

Nimetunga wimbo huo mmoja kwa siku tatu. Kwaya nzima inauliza, "Nani alilima?" Kisha wote wananyamaza, na besi peke yake inajibu, "Mimi hapa, Bwana." Inakuja mara tatu, kila ubeti mara moja. Besi ni ya Yoakimu. Ni mtu wa Masieda, mrefu, mpole, msaidizi wa dereva kwenye kombaini namba saba. Hanywi hata togwa. Sauti yake huisikii mwanzoni, unaihisi kwenye benchi ulilokalia.

Na hapo ndipo anaponiudhi. Nimeleta ngoma mbili na debe ili wimbo uwe na uzito, nikamwambia, "Paza, Yoakimu! Tutaaibishwa na wembe!"

"Nikipaza inapungua, Mwalimu."

"Inapungua vipi na wewe unapaza?"

"Sijui. Naisikia tu inapungua."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Mkewe Zita, wa sauti ya pili, alicheka kwenye kitambaa chake. Nilimwona.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kwa Patriki kuisikiliza hiyo kaseti, adui lazima umjue. Ni kombaini iliyomeza mawe. Nilivumilia dakika kumi. Kisha akarudisha mkanda nyuma, akanyanyua kidole. "Sikiliza hapa, Mwalimu. Hapa ndipo panaponiua."

Nikasikiliza. Magitaa yalikuwa yanakuja, yanakuja, mara yote yakakatika. Ukimya, kama pumzi moja ya mtu. Halafu yakarudi.

"Wapi?" nikamwuliza.

"Hapo kwenye kukatika."

"Hapo hapana kitu."

"Ndiyo hapo hapo."

Nikamwambia kama ukimya ndio mzito, angechana na spika ya pili tupumzike wote. Alicheka sana. Sikukusudia kumchekesha.

Jumanne, 1 Julai

Kombaini zimeingia shambani. Yoakimu alikuja stoo kuomba kifuniko cha mkanda wa namba saba, ule mkanda wa kuzungushia mashine uko wazi tangu Mei. Hakuna. Nimeandika "hakuna" kwenye fomu yake mara ya tatu. Mkuu wa karakana anasema mavuno hayawezi kusubiri bati.

Jumanne, 8 Julai

Baridi. Mlima haujaonekana siku nne. Yoakimu tena, kifuniko. Hakuna.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi nilimpitia Yoakimu twende kazini kama kawaida. Mzee Bura, baba mkwe wake, amefika kutoka Masieda.

Saa nne na nusu, namba saba. Siwezi kuandika.

Jumanne, 15 Julai

Yoakimu amekufa. Ule mkanda ulishika mkono wa koti lake ukamvuta. Dereva alizima mashine, lakini mashine ile ikizimwa haisimami papo hapo.

Ijumaa, 18 Julai

Tumemzika Masieda. Kwaya iliimba vibaya, watu walikuwa wanalia. Mtoto wake Fransiska, miaka mitano, aliuliza kwa nini baba haimbi.

Jumatatu, 21 Julai

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Ile ya Patriki ilikuwa mchezo.

Ripoti ya ajali imebandikwa ubaoni. Nimeisoma mara tano nikitafuta kifuniko, hakimo. Imeandikwa kwamba marehemu alikuwa amelewa kazini, kwa kuwa koti lake lilinuka pombe. Basi, ndiyo ripoti nzima. Na kwa sababu amekufa kwa ulevi wake mwenyewe, mjane ahame nyumba ya shamba kabla ya tarehe 31 Agosti. Yoakimu mlevi! Mtu aliyekuwa akinywa maji kwenye harusi yake mwenyewe!

Zita alikwenda kwa Afisa Utumishi akaeleza kuwa baba yake alimbariki mumewe asubuhi ile, kwa pombe ya asali, kwa mdomo. Akajibiwa kwamba mke hawezi kusema vingine. Mzee Bura naye akaenda, na umri wake ule, akasema, "Ni mimi nilimpulizia. Yeye hakunywa hata tone." Afisa akamwambia, "Kwa hiyo asubuhi ile nyumbani kulikuwa na pombe. Asante mzee kwa kunisaidia." Akaandika na hilo.

Jioni Zita alikuja kwetu. Hakukaa. Alisimama mlangoni, Fransiska mgongoni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama Fransiska. Pole."

"Mwalimu, wewe unajua."

"Najua."

Akasubiri. Kisha akaaga akaenda.

Jumanne, 22 Julai

Tarehe 14 niliandika mistari miwili. Sasa naandika yaliyobaki.

Nilipofika kwa Yoakimu saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Bura alikuwa amesimama uani na kibuyu, na Yoakimu mbele yake amevua kofia. Yoakimu aliponiona aliona aibu, kwa sababu ya yale mahubiri yangu. Mimi nilitaka kugeuka. Mzee akasema, "Katekista, njoo. Wote mnakwenda kwenye chuma." Hakusema kwa kunikejeli. Nikawaza juu ya ule mkanda ulio wazi na fomu zangu za "hakuna". Nikavua kofia.

Alimpulizia Yoakimu kichwani na kifuani. Kisha mimi, kichwani na kifuani. Ilikuwa ya baridi, tamu, inanukia asali. Nilisema amina na sikuwa natania.

Tukaenda kazini tukinuka sawasawa. Nilipofika stoo nilivua koti langu, nikavaa dasti koti la kazi, kama kila siku. Yoakimu hakuwa na koti la kubadili. Hiyo tu ndiyo tofauti kati yangu na yeye.

Sasa wanataka shahidi ambaye si mke wala mkwe. Shahidi yuko, ndiye anayeandika hapa. Lakini nikisema, nitasema pia kwamba katekista alisimama uani kwa Bura akapuliziwa pombe, mwezi mmoja baada ya kuwatisha watu na majoho yao. Padre atasikia, na kigango kizima kitasikia. Hasira yangu leo inamtafuta Afisa Utumishi, na kila ikitoka inanikuta mimi mlangoni.

Jumapili, 27 Julai

Mazoezi ya kwanza tangu msiba. Niliwaambia tuanze na ule wimbo wa mavuno, kwa mazoea tu, sikufikiri. Waliimba, "Nani alilima?" wakanyamaza, na mimi mkono wangu ukainuka kuiita besi.

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyeingia mapema wala aliyekohoa. Wapiga ngoma walishika ngozi zisitikisike. Tulisimama ndani ya ukimya ule mapigo manne, urefu ule ule wa jibu la Yoakimu. Benchi lilikuwa linatetemeka au ni mimi. Kisha ubeti wa pili ukaingia wenyewe.

Miaka kumi na tisa nafundisha kuimba sijawahi kusikia kitu kizito namna ile, na hakikuwa na sauti. Yoakimu aliniambia inapungua. Patriki alininyanyulia kidole. Wote wawili niliwadharau.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwona Afisa Utumishi. Tumeongea juu ya grisi. Sijasema.

Jumamosi, 9 Agosti

Padre amekuja. Nimeungama mambo mengine.

Jumatano, 13 Agosti

Namba saba imefungwa kifuniko. Kilikuwepo Katesh muda wote huu. Nilikipokea mwenyewe na kusaini. Sijasema.

Jumatatu, 18 Agosti

Philomena ameniambia akiwa anapepeta maharage, hata hakuinua uso: "Baba Hhando, koti lako lilinuka siku ile. Mimi ndiye niliyelifua."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Ijumaa, 22 Agosti

Afisa Utumishi alikuja kusikiliza mazoezi. Ilipofika pale pa besi akashtuka, akauliza kwa nini tunasahau maneno mbele yake. Nikamwambia ni nafasi ya marehemu. Akasema sherehe si matanga. Ameamuru Patriki apige pale kwa gitaa la besi kupitia spika za Halfani, ili wimbo uwe mzito.

Mzito! Sasa kila mtu katika shamba hili ni mwalimu wa uzito. Spika nane kujaza tundu la mtu mmoja, na tundu wamelitoboa wenyewe.

Nikasema, "Sawa, mkuu." Hivyo ndivyo nilivyosema. Patriki aliniangalia kama anayemwona mtu akipiga nota ya uongo.

Alhamisi, 28 Agosti

Zita ameanza kufunga mizigo. Magodoro yako nje.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika ya jana.

Jukwaa lilikuwa matrela mawili yaliyounganishwa. Mgeni kutoka mkoani alikaa katikati, Padre kulia kwake, Afisa Utumishi kushoto. Spika za Halfani zilipangwa pande zote mbili, ndefu kuliko mtu. Bendi ilipiga saa mbili zake, na nakiri nilitikisa kichwa mara moja. Kisha tukaitwa. Patriki alibaki kwenye kiti chake, gitaa la besi magotini. Zita alikuwa kwenye mstari wa sauti ya pili. Amevaa joho, na mkononi amekunja koti la Yoakimu. Walimrudishia siku ya mazishi na hakulifua.

Tukaanza. Niliwaambia ngoma na debe vibaki chini. "Nani alilima?" Nikainua mkono. Nikasikia spika zinavuma, ule mvumo wa amplifaya iliyowashwa ikisubiri. Patriki hakupiga. Watu walidhani gitaa limegoma. Mmoja akacheka huko nyuma, na Afisa Utumishi akamfanyia Patriki ishara ya mkono, piga, piga.

Ubeti wa pili. "Nani alilima?" Patriki akainama. Nilidhani anarekebisha waya. Akazima amplifaya. Ule mvumo ukafa, na hapo ndipo watu wakajua kwamba ulikuwepo. Ikabaki jenereta mbali na upepo kwenye mabua. Hakuna aliyecheka. Wafanyakazi wa kombaini walikuwa wamevua kofia, mstari mzima. Walishajua hapo ni pa nani.

Nilikuwa nimepanga kuacha ukimya useme. Huo ndio ukweli, nilikuwa nimejificha hata ndani ya ukimya. Nilijiambia kwamba watu wataelewa na mimi sitahitaji kufungua mdomo. Lakini nilipogeuka kidogo nikamwona Zita ananitazama vilevile kama alivyosimama mlangoni kwangu, anasubiri.

Ubeti wa tatu. "Nani alilima?" Mkono ukainuka, na mara hii niliushusha nikageukia matrela.

"Yoakimu hakuwa amelewa," nikasema. Sauti yangu ni ya tatu, nyembamba, na haikuwa na spika. Ilifika. "Harufu ile ilikuwa baraka ya Mzee Bura. Najua kwa sababu nilikuwepo. Nilipuliziwa na mimi, kichwani na kifuani, saa kumi na mbili asubuhi. Padre, ni mimi. Niliwakataza wengine nikaenda mwenyewe. Nilifika stoo nikabadili koti, yeye hakuwa na la kubadili. Na kifuniko cha ule mkanda aliniomba mara nne. Fomu ziko kwangu, nimeziandika kwa mkono wangu."

Afisa Utumishi alisimama akasema kwamba hapa si mahali pake. Mgeni akamwuliza, bila kupaza, "Fomu zipo?" Afisa akakaa.

Kisha Zita akapanda kwenye trela, akampigia mgeni goti, akasema shikamoo, akaweka koti mezani mbele yake, juu ya kitambaa kile cheupe. "Nusa, mzee. Asali haijatoka." Na yule mzee aliinama akanusa kweli, mbele ya watu wote.

Kwaya ilikuwa bado imesimama. Nilikuwa nimesahau kuwashusha. Wakamalizia ubeti wa mwisho bila mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Ripoti mpya imebandikwa. Neno "amelewa" limeondolewa na kifuniko kimetajwa. Zita abaki kwenye nyumba. Aliyeibandika hakuitazama.

Padre amenisimamisha ukatekista na kwaya hadi Majilio. Nilimwambia ni haki, na nilimwambia pia kwamba nimekasirika. Akasema yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Na mimi nimetolewa stoo. Kuanzia kesho napakia magunia. Sababu iliyoandikwa ni "mahitaji ya kazi." Siandiki zaidi, nitachana karatasi.

Alhamisi, 11 Septemba

Alfajiri, kabla sijatoka, Mzee Bura alibisha hodi. Atarudi Masieda leo. Alikuwa na kibuyu. Nilivua kofia uani kwangu, majirani wakiangalia, Philomena mlangoni.

"Zaidi kidogo, baba," nikamwambia.

Akajaza tena, akapuliza. Ililowesha kola na kifua chote. Nikamshukuru, nikachukua njia ya shambani. Getini alikuwepo Afisa Utumishi na daftari lake la mahudhurio. Nilipopita aliinua pua. Nikasimama mbele yake mapigo manne, nikayahesabu, nikapita.

Sikubadili koti.